Asali ya Giciaro

Asali ya baba yangu ilikuwa na ladha ya moshi. Haikuwa kasoro. Ndivyo asali inavyokuwa ikivunwa na mtu aliyepanda mtini na kienge cha magome makavu mkononi, akiwapulizia nyuki moshi huku akiwasemesha kwa adabu kama wakwe zake. Siku hizi asali inafika hapa Embu katika chupa za plastiki, imechujwa mpaka imekuwa kama chai ya rangi, na kijana anayeiuza karibu na nyumba yangu hapa mtaa wa Dallas hucheka kila nikimwuliza kama anayo yenye masega na majivu.

"Shosho, hiyo chafu ni ya nini?"

"Niletee hiyo hiyo chafu."

Mara mojamoja huniletea kutoka Mbeere. Basi hufunga mlango, nikakata kipande cha sega, nikakitia mdomoni, nikafumba macho. Timau yote ya utoto wangu hurudi: baridi inayouma masikio, upepo unaolaza ngano upande mmoja kama nywele zinazochanwa, baba akishuka mtini taratibu, na Wini chini ya mti ameachama kinywa kama kinda la ndege.

Wini alikuwa mtoto wa mzungu mwenye shamba. Jina lake lilikuwa Winifred, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulitamka lote. Mama yangu, Teresia, ndiye aliyekuwa yaya wake. Mimi nilikuwa nimeanza tu kutembea alipozaliwa, kwa hiyo naweza kusema tulipokezana mgongo mmoja. Wini alijua Kimeru kabla ya kujua Kiingereza sawasawa. Akikasirika alitukana kwa Kimeru, na Njue alifurahi mno. Njue alikuwa mpishi wa nyumba ile, mtu wa Embu mwenye maneno mengi.

"Huyu si mzungu," alizoea kusema huku akimenya viazi. "Huyu ni Mmeru aliyeoshwa kupita kiasi."

Baba yake tulimwita Bwana Ngano, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine. Ngano imeota, ngano ina kutu, ndege wameingia katika ngano. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Alituacha tucheze, mradi tucheze nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, si mbele kwenye maua. Mchana tulipewa chakula pale kwenye ngazi za jikoni. Wini katika sahani nyeupe ya udongo, mimi katika ya bati. Sikuliona jambo hilo kuwa baya. Niliona tu kwamba bati halivunjiki, na kwamba Wini kila siku aliambiwa ashike sahani yake vizuri, nikamhurumia.

Baba yangu, Muthamia, ndiye aliyetunza mashine ya kuvunia. Aliipaka grisi, aliifunga nati, na wakati wa mavuno aliisikiliza inavyonguruma na kujua inaumwa wapi. Mvi zilikwisha kumwingia. Hata hivyo Memsabu, mama yake Wini, alimwita boi, na Wini alimwita Muthamia, jina tupu, kama anavyoitwa mtoto mwenzake. Hilo pia nilidhani ndivyo lilivyo tu, kama vile mlima ulivyo upande mmoja wa shamba na jangwa upande wa pili.

Mimi baba aliniita mama, kwa kuwa kwa jina la nyumbani nilimrithi mama yake. Jedidah lilikuwa jina la kanisani.

Siku moja Wini alivunja chimni ya taa ya mezani. Memsabu alipouliza, Wini akanielekezea kidole mimi. Nilichapwa viganja kwa fimbo ya kuendeshea farasi. Mama alikuwa amesimama palepale na nguo za kupiga pasi mikononi. Jioni baba alinikuta nyuma ya ghala nimeviweka viganja vyangu kwenye bati baridi la ukuta.

"Nani?"

Nikamwambia. Nilitazamia aende kushtaki. Baba alitazama nyumba kubwa, akatazama viganja vyangu, akaonekana kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta usio na mlango.

"Kesho jioni mlete huyo rafiki yako kwenye mizinga," alisema.

Mizinga ya baba ilikuwa juu ya mti mmoja mkubwa wa mtarakwa, mahali ngano ilipoishia na msitu ulipoanzia. Aliichonga mwenyewe kutoka kwenye magogo. Tulipofika alikuwa amekwisha kushuka, na kwenye jani pana aliweka sega moja jeupe, jipya, bado lina joto la nyuki.

"Wini," baba alisema, "unajua giciaro ni nini?"

"Hapana, Muthamia."

"Sisi Wameru tuna koo ambazo zilifungamana zamani, hata wazee hawajui ni lini. Mtu wa ukoo ule na mtu wa ukoo huu wakikutana, hata kama hawajaonana maishani, ni giciaro. Huwezi kumdanganya. Huwezi kumsingizia. Huwezi kumwaga damu yake. Akikuomba kitu, huwezi kumnyima. Kesi ikishindikana kabisa, wazee wanamwita mtu wa giciaro aje aulize, na mshtakiwa anasema kweli, kwa sababu huwezi kumwambia giciaro wako uongo ukabaki mzima."

"Unakufa?"

Baba alikuna kidevu. Nilimwona anazuia kicheko.

"Ulimi unavimba," alisema. "Unajaa mdomo wote. Huwezi hata kula keki."

Wini akafunika mdomo kwa mkono.

Giciaro ya kweli ni jambo la koo na wazee, si la watoto wawili na sega la asali, na baba alijua hivyo. Lakini hakuwa na baraza la kwenda, wala mzee wa kumpelekea kesi ya viganja vyangu. Alitumia alichokuwa nacho. Alikata sega vipande viwili, akampa kila mmoja wetu kipande.

"Mlishe mwenzako."

Nilimtia Wini asali mdomoni, naye akanitia mimi. Ilitiririka kidevuni. Wini alitafuna nta kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemeza dawa, kisha akaniambia kwa Kimeru, "Ni mimi niliyevunja chimni. Nitamwambia mama leo."

Na alimwambia.

"Jambo moja limebaki," baba alisema siku ile tulipokuwa tukirudi. "Baba wa giciaro wako ni baba yako. Haitwi jina tupu."

"Nikuite nani?"

"Baba."

"Na huyu baba yangu mwingine?"

"Huyo mwachie jina lake. Hatutampunguzia kitu."

Tangu siku hiyo Wini akawa msema kweli wa kutisha. Aliniambia nywele zangu zinanuka moshi. Alimwambia Njue kwamba supu yake inafanana na maji ya kuoshea mbwa.

"Wewe mtoto," Njue alimlalamikia, "hukula giciaro na mimi. Mimi unaweza kunidanganya kidogo, sitakasirika!"

Wini alitoa ulimi wake, akamwonyesha pande zote. "Tazama. Haujavimba."

Ikawa mchezo wetu. Asubuhi, kabla ya salamu, tulitoleana ndimi tukakaguana. Kama nikiulizwa leo utoto wangu uliishia wapi, naweza kuonyesha mahali. Lakini nikiulizwa ulikuwa na sura gani, sura yake ni hiyo: watoto wawili kwenye ngazi za jikoni, ndimi nje, kila mmoja akichunguza kweli kinywani mwa mwenzake.

Kisha Hali ya Hatari, vita vya serikali ya wazungu na wapiganaji wa msituni, ikatufikia.

Kwanza wafanyakazi Wakikuyu walipakiwa kwenye malori na kuondolewa, pamoja na kuku wao ndani ya vikapu. Halafu vibanda vyetu vilivyokuwa vimetawanyika kando ya mto vilibomolewa, tukajengewa vingine vilivyobanana, vikazungushwa seng'enge, na mlangoni akasimama homgadi mwenye bunduki. Ilisomwa amri kwamba msitu ni marufuku, na kwamba hakuna kuwasha moto nje ya seng'enge. Bwana Ngano alianza kula akiwa na bastola mezani. Njue alisema aliiweka pale pa kijiko. Wini alikatazwa kuja upande wetu. Bado tulionana kwenye ngazi za jikoni, kwa kuwa mama alinichukua kumsaidia kufua, lakini Memsabu sasa alitokea mlangoni ghafla na kutuangalia mikono.

Baba hakwenda tena kwenye mizinga. Jioni alisimama kwenye seng'enge akiutazama ule mtarakwa kwa mbali.

"Imejaa," alisema. "Nasikia imejaa."

"Huwezi kusikia kutoka hapa," mama alimwambia.

"Teresia, mimi nawasikia."

Siku ya kuzaliwa ya Wini ilipokaribia, Memsabu alimwambia kwamba mwaka ule hakutakuwa na wageni, kwa maana barabara hazina usalama. Wini alinijia kwenye beseni la kufulia, macho mekundu.

"Mimi sitaki wageni," alisema. "Nataka asali ya baba. Mwambie namwomba kwa giciaro."

Nilimfikishia baba maneno yale nikiwa na furaha, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeitamani.

"Muthamia, usifikirie hata kidogo," mama alisema.

"Ameomba kwa giciaro."

"Ni mtoto! Na ni mtoto wao!"

"Ndiyo maana." Baba alisema polepole. "Nilimwambia giciaro hanyimwi. Akaamini, akaacha kusema uongo. Sasa nikimnyima, atajua ilikuwa mchezo. Na viganja vya huyu mama yangu hapa vitarudi pale pale."

Mama alifungua khanga yake na kuifunga upya.

Baba alikuwa na pasi ya kupita mpaka kwenye mashine, iliyoegeshwa mwisho wa shamba. Jioni ya siku ya kuzaliwa ya Wini, jua likiwa bado juu ya ngano, alikwenda kuipaka grisi kama kawaida. Mimi nilimbebea kopo la grisi. Wini alitufuata kati ya ngano, ameinama, na hatukujua mpaka alipotokea mbele yetu na mbegu za ngano kwenye nywele.

"Rudi nyumbani," baba alimwambia, na kwa mara ya kwanza nilisikia hofu katika sauti yake. "Wini, rudi sasa hivi."

"Leo ni siku yangu, Baba. Nataka kushika jani la asali."

Kumrudisha peke yake kati ya ngano ile, wakati ule, na kila mtu ana bunduki, hakuweza. Kumrudisha mwenyewe, aonekane akitoka kondeni na mtoto wa kizungu mkononi, hakuweza pia. Akatuambia tukae chini ya mti bila kusema. Akakipuliza kienge kikatoa moshi, akapanda. Wini alishika jani kwa mikono miwili. Moshi ulipanda umenyooka kabisa, kwa sababu upepo wa Timau, usiotulia mwaka mzima, ulichagua kutulia jioni ile.

Tulikula. Asali ilikuwa nyeusi na nzito. Baba mwenyewe alikula kidogo, akafunika nyingine kwenye jani ili Wini aende nayo. Kisha tulirudi, Wini kwa njia yake kati ya ngano, sisi kwa njia ya trekta. Mimi nililala nikinusa vidole vyangu.

Asubuhi tulipigiwa kengele, wote tukaambiwa tuketi chini uwanjani mbele ya ghala la ngano, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Palikuwa na meza. Nyuma ya meza aliketi ofisa mzungu kijana, shingo imeungua na jua, na kando yake mkalimani wake, Mutembei, Mmeru aliyesoma misheni ya Kaaga na ambaye mama alimjua tangu akiwa mwimbaji wa kwaya. Bwana Ngano alisimama nyuma yao. Homgadi aliyekuwa kwenye mnara wa ulinzi alisema aliona moshi kwenye ukingo wa msitu. Moshi ule, ofisa alisema, ni ishara. Kuna mtu wa shamba hili anawaita watu wa msituni waje kula. Mwenye moshi ajitokeze, la sivyo wanaume wote watapanda lori.

Baba alisimama mara moja. Hakungoja iulizwe mara ya pili.

"Moshi ni wangu, bwana. Nilivuna asali."

Ofisa akageukia Kiswahili chake. "Wewe nafanya asali jioni? Sasa, wakati ya vita?"

"Asali huvunwa jioni. Nyuki wametulia."

"Nani alikuwa na wewe?"

Nilisubiri aseme. Nilikuwa na hakika atasema, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa kweli yenyewe ilikuwa nzuri: tulikuwa na Wini, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Baba aligeuza kichwa kidogo tu, macho yake yakanipata kati ya wanawake, na nikaona ananiambia ninyamaze.

"Nilikuwa peke yangu."

Wakati huo sikuelewa. Nilielewa baadaye, nikiwa msichana mkubwa: kwamba moshi ungemfunga miezi michache, lakini mwanamume mweusi ndani ya ukingo wa msitu na mtoto wa kizungu, hilo halikuwa na kifungo cha miezi. Baba alilijua hilo kama alivyojua mashine yake. Alichagua uongo mdogo zaidi aliouona karibu.

Bwana Ngano alikohoa. "Huyu amekuwa hapa tangu nianze shamba," alimwambia ofisa, na Mutembei ndiye aliyetusimulia baadaye, kwa kuwa walisema kwa Kiingereza. "Ni mpumbavu wa nyuki. Mpe miezi michache, atanirudia kabla ya mavuno."

Ofisa alikuwa akianza kuandika. Mambo yangeishia pale.

Ndipo nilipomwona Wini. Alitoka mlango wa jikoni akikimbia, Njue nyuma yake na aproni yake akijaribu kumshika. Nguo yake ilikuwa na doa la asali kifuani. Nikafurahi. Hilo ndilo jambo nisiloweza kulisahau, jinsi nilivyofurahi. Nilijisemea, afadhali amekuja, huyu watamwamini.

"Hakuwa peke yake!" Wini alipiga kelele, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, ili pasiwe na mtu asiyeelewa. "Mimi nilikuwa pale na Jedidah. Ni mimi niliyeomba asali. Baba hakumwita mtu yeyote!"

Bwana Ngano alishtuka. "Mimi sikufanya nini?"

"Si wewe," Wini alisema, na akamwelekezea baba yangu kidole. "Baba."

Uso wa Bwana Ngano uligeuka rangi taratibu, kuanzia shingoni.

Ofisa aliweka kalamu chini, akainama, akaongea na Wini kwa upole, kama mtu anayemvuta mtoto atoke kando ya kisima. Je, mtu huyu alimwambia aje kusema maneno haya? Hapana. Je, alimwambia asiseme kitu fulani? Hapana, Wini alisema, mimi siwezi kusema uongo juu ya Jedidah wala juu ya Baba. Siwezi hata nikitaka. Kwa nini? Kwa sababu tulikula. Mlikula nini? Na Wini akaeleza, kwa fahari, bila kuruka jambo, kama alivyofundishwa: jinsi tulivyoketi chini ya mti ule siku ya kwanza, jinsi baba alivyokata sega, jinsi tulivyolishana, na jinsi alivyosema kwamba atakayevunja neno lile ulimi wake utavimba hata ujaze mdomo.

Katika miaka ile, mzungu aliyesikia habari ya mti, na mwafrika, na kitu kilicholiwa, na laana kwa atakayevunja neno, alisikia jambo moja tu. Watu walikuwa wakinyongwa kwa kulisha wenzao kiapo cha watu wa msituni. Na huyu alikuwa amemlisha mtoto wa kizungu.

Mutembei alikuwa Mmeru. Alijua giciaro tangu tumboni. Nilimwona akifungua mdomo.

"Bwana," alisema, "kwa ruhusa yako, hii siyo ile. Hii ni desturi ya zamani ya udugu, hata sisi wa kanisani—"

"Nimekuuliza?"

Mutembei akatazama kofia yake iliyokuwa mapajani. Akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Memsabu alikuwa amefika. Hakupiga kelele. Alimshika Wini mkono, akamburura mpaka kwenye bomba la kuoshea magunia, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, sabuni ileile ambayo mimi na mama tulikuwa tukiitumia, akamwosha mdomo. Alimwosha ulimi kwa vidole, mbele yetu sote, na Wini akitapika povu na kulia, na Memsabu akilia pia, akisema jambo lilelile tena na tena kwa Kiingereza. Mama yangu aliinuka, miguu yake yenyewe ilimwinua, kwa sababu alikuwa amemlea mtoto yule na hakuwahi kumsikia akilia bila kumwendea. Homgadi alimsukuma bega kwa kitako cha bunduki, akaketi.

Kutoka pale kwenye bomba Wini alinitafuta kwa macho. Akasema kwa Kimeru, povu likimtoka: "Nimesema yote, Jedidah. Sikuacha hata kidogo."

Baba alifungwa mikono. Bwana Ngano aliangalia viatu vyake. Wakati baba anapitishwa mbele yetu kuelekea lori, alisimama kidogo, na homgadi, ambaye alikuwa amewahi kula asali yake, alimwacha asimame.

"Mama," aliniambia, "usimkasirikie mwenzako. Amesema kweli."

"Utarudi lini?"

Alitazama kule kwenye mtarakwa. "Mwambie mama yako mizinga isiachwe wazi mvua ikija."

Hakufikishwa mahakamani. Bwana Ngano hakutaka jina la binti yake lisomwe mbele ya watu, pamoja na neno lile alilomwita mwanamume mweusi. Ilitosha kuandikwa kwamba ni mtu wa hatari, na mtu wa hatari hahitaji kesi. Alihamishwa kambi hadi kambi. Njue, alipoacha kazi na kurudi kwao Embu, ndiye aliyetuletea habari ya mwisho: alimwona katika kambi moja ya tambarare, chini kule kwenye joto, kati ya watu waliokuwa wakichimba mifereji. Alikuwa amekonda, alisema, lakini alimtambua kwa jinsi alivyosimama ghafla katikati ya kazi na kuinua kichwa, akisikiliza.

"Nyuki walikuwa wakipita," Njue alisema. "Kundi zima. Askari alimpigia kelele, na yeye akabaki anawafuata tu kwa masikio."

Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Watu walipofunguliwa, mama na mimi tulishuka Embu tukasimama kando ya barabara malori yalipopitia, siku baada ya siku, tukiangalia nyuso. Mama alikuwa amebeba koti la baba la Timau, ingawa kulikuwa na joto. Malori yaliisha. Sisi hatukuondoka. Mama alipata kibarua, mimi nikapata shule, kisha kazi ya ualimu, na kila nilipopewa nafasi ya kuhamia kwingine nilipata sababu ya kubaki. Sikuwahi kumwambia mtu sababu yenyewe. Ni kwamba barabara ya kutoka tambarare inapita hapa.

Wini aliondoka wiki ileile baba alipochukuliwa. Alipelekwa Uingereza kwa bibi yake, kupata shule na kuponywa, walivyosema. Mama alikuwa amekwisha kufukuzwa jikoni, na sisi tulikuwa ndani ya seng'enge, tukifunga vitu vyetu kuondoka. Gari lilipita karibu sana na seng'enge ile, kwa sababu njia ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimejiahidi kutomtazama. Baba alikuwa amesema nisimkasirikie, na mimi nilikuwa nimekasirika mpaka meno yaliniuma.

Lakini nilitazama. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma, amevikwa kofia na soksi nyeupe, ametulizwa kama mzigo. Aliponiona, aligandamiza uso kwenye kioo. Hakupunga mkono. Alitoa ulimi wake nje, wote, kadiri ulivyoweza kutoka, akaugeuza upande huu na upande ule ili niukague.

Haukuwa umevimba.

Nami nilishika seng'enge, nikatoa wangu. Niliuacha nje mpaka gari lilipomezwa na ngano, na baada ya hapo pia, kwenye upepo, mpaka ulipokauka.